Si Waya Wako Uliochoma Nyumba, Yaya

Kwako Yaya Donat, mzaliwa wa kwanza wa mama yetu, popote ulipo huko kwenye machimbo ya Kamatanda,

Ulimtuma mwenye pikipiki aje kuniambia: "Béa aache hayo maneno." Ujumbe umefika na jibu langu ni hapana. Siachi wala sinyamazi, na kama ulidhani umbali utanipoza, basi umesahau uligombania blanketi moja na nani utotoni. Barua hii nimeiandika wazi makusudi. Nakala moja anakuletea huyo huyo mwenye pikipiki, na nimemwambia awasomee kwa sauti wenzako wanaochimba pamoja nawe. Nyingine nimeibandika ukutani pale dukani, mwanzo wa avenue yetu hapa Kikula, Likasi, apitaye asome. Ningekuandikia ya siri ungeikunja ukaitia mfukoni, yakaishia hapo. Nakujua.

Kwa wanaosoma ukutani bila kutufahamu, mambo yenyewe ni haya. Mimi ni Béatrice, mwalimu wa fizikia. Donat ni kaka yangu, fundi umeme. Avenue yetu ilipoletewa transfoma mpya, yeye ndiye aliyevuta waya kutoka nguzoni na kuziunganisha nyumba zetu. Siku ile ile umeme ulipowashwa, nyumba ya jirani yetu Mama Georgette iliungua. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe, lakini vyote vya ndani viliteketea, na cherehani iliyokuwa ikimlisha pia. Watu wakasema ni Donat, amekosea waya, ametuletea umeme mkali kupita kiasi. Kaka yangu hakubisha. Alichukua begi lake akaenda kuchimba madini, na mpaka leo hajarudi. Hayo ndiyo yote. Sasa nasema na wewe, Yaya.

Unayakumbuka maharage ya utoto wetu? Mama aliyaweka kwenye resho, jiko letu la umeme, tukitoka shule, na jua likizama bado yalikuwa magumu kama changarawe. Resho lilikuwa kwenye ile meza fupi karibu na mlango, kigae cheupe chenye mifereji, na ndani ya mifereji ule waya uliojikunja tunaouita rezistansi. Kila nyumba ya Kikula ilipika saa ile ile, na transfoma ya zamani ilichoka mapema. Taa ilibadilika ikawa rangi ya chai. Rezistansi badala ya kuwaka ilipauka tu, nyekundu ya aibu, na wewe ulikuwa ukiinama kulipulizia resho utadhani ni makaa. Mama alikuwa akikucheka mpaka anakaa chini. Tulikula ugali wetu wa bukari na mboga ya sombe ya jana, maharage tukayala asubuhi.

Halafu siku moja rezistansi ilikatika. Mama hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alichukua ncha mbili, akazikunja zikashikana, akagongagonga kwa mchi mpaka kifundo kikalala, na kipande kilichobaki kifupi akakirusha kwenye kopo la maziwa. Akawasha. Jioni ile maharage yaliiva kabla hujamaliza kazi zako za shule. Mama alisimama mbele ya sufuria, mikono kiunoni, akaangalia vizuri. Hakuwahi kusoma mambo ya umeme, lakini hakuna aliyemzidi kwa kuona. Aliona kuwa waya ukifupika, moto unazidi.

Tangu siku ile akawa anakata makusudi. Anaunyoosha waya kwenye mkono wake, kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, anakata, anakunja, anagonga. Habari zikatembea. Wamama wa avenue nzima wakaja na maresho yao kichwani, wakikaa kwetu mchana kutwa na hadithi zao. Bado nasikia sauti zao mlangoni: "Mama Donat, unikatiye kidogo, yangu inalala tu!" Na mama, hajainua hata uso: "Leta hapa. Leo maarage itaiva, utaniambia." Wote walipika kwa mkono wake. Waliamini pia kwamba waya mfupi unakula umeme kidogo, kwa kuwa kitu kidogo kinakula kidogo. Hilo mama mwenyewe alilisema, na nani angembishia akiwa na sahani mkononi?

Wewe ulimbishia. Ulikuwa umeanza shule ya ufundi na ulikuwa na majivuno kidogo, usikatae. Kila ulichojifunza ulikuja kunifundisha mimi kabla ya chakula, na sahani yangu uliishikilia mpaka nijibu. Nilipolia kwamba sielewi, ulinichukua mpaka kwenye kumbukumbu ya misa ya Pasaka, watu wote wanataka kutoka kwa mlango mmoja. Ulisema hivi, nayajua maneno yako kwa moyo: "Batu vile banasukuma, ile njo volti. Batu benye banatoka, ile njo ampea. Mulango vile iko mufinyu, ile njo omu." Nikauliza, na wati je? Ukakuna kichwa. "Wati njo kazi yote pamoja, kusukuma na kutoka. Bakisukuma mingi na bakitoka mingi, mulango itapata moto." Nilicheka, ukanipa sahani yangu. Volti gawanya kwa ampea, unapata omu. Volti mara ampea, unapata wati. Hayo mawili niliyashika kabla ya kujua kusoma saa vizuri. Leo nayafundisha ubaoni, na mfano wa mlango wa Pasaka siwaambii wanafunzi nimeutoa wapi, wanadhani ni wangu.

Jioni moja ulimwambia mama, mimi nikiwepo: "Mama, hii unakataka, siku courant itafika muzima itakuwa ni moto ya kweli." Mama akakucheka. "Siku gani hiyo, Donat? Siku ya Yesu kurudia?" Wamama waliokuwa kwetu wakaangua kicheko, na wewe pia ulicheka. Kulikuwa na sababu gani ya kuogopa umeme mzima? Hakuna aliyewahi kuuona. Tulikata na kukata, na kila nyumba iliyokata ilivuta ampea zaidi, na transfoma ya zamani ikazidi kuchoka, volti zikashuka, watu wakaja tena kwa mama kukatiwa. Avenue nzima ilikuwa inafukuzia moto uliokuwa unakimbizwa na avenue nzima.

Kisha ikaja siku yenyewe, na siku ile ulikuwa mzuri kuangalia, Yaya. Ulisimama chini ya nguzo na kipimo chako mkononi, kile chenye mdomo wa kubana waya, shati limelowa jasho mgongoni. Watu wa umeme walipowasha kule juu, wakapanda gari lao wakaenda, hawakumwambia mtu neno. Wewe ulisoma namba ukapiga kelele kama mtu aliyeona timu yake imefunga: "Deux cent vingt! Mia mbili na makumi mbili, ya kweli kabisa!" Taa zilikuwa nyeupe. Mzee wa nyumba ya pembeni alitoka nje kuuliza kama kuna msiba, mbona mwanga hivi. Mama alipiga makofi. Mama Georgette aliweka maharage yake jikoni akaenda kisimani kupanga foleni ya maji, akiamini ana muda kama siku zote.

Hakuwa na muda. Tulipoona moshi, bati lilikuwa tayari linalia.

Kilichofuata unakijua, lakini nakiandika kwa sababu ukutani kuna watu waliokuwepo na ambao leo wamekuwa wasahaulifu. Papa shefu wa avenue alisema mbele ya watu: "Donat alituletea courant ya usine mu nyumba ya bantu." Hapo hapo neno likawa ukweli. Walichukua ngazi yako. Kuna aliyetaka kukupiga. Wewe uliingia kwenye majivu yakiwa bado ya moto, ukainama pale ilipokuwa meza ya resho, ukashika kitu, ukakiangalia, ukakirudisha chini. Ulipoinuka ulikuwa na uso nisioujua. Ukasema: "Muniache. Njo minye." Ukaenda nyumbani kuchukua begi. Mama alikuwa kanisani anaomba kwa ajili ya Mama Georgette, hukumuaga.

Mimi sikuamini hata dakika. Nimekuona ukifunga waya tangu ukiwa na kaptula, unafunga kana kwamba kuna mtu atakuja kukagua, hata pale ambapo hakuna atakayekagua. Kipimo chako ulikiacha kwenye msumari wake. Nikakichukua.

Nilianza na nyumba inayofuata, iliyovutwa siku ile ile kwa waya ule ule. Soketi ilisoma mia mbili na ishirini. Si mia tatu na themanini kama walivyosema, wala si umeme wa kiwanda. Ni namba ile ile iliyoandikwa chini ya kila resho linalouzwa sokoni. Nikafuata waya wako kutoka nguzoni mpaka kwenye mabaki ya ukuta wa Mama Georgette. Mzima. Viungo vimekaza, hakuna kilichoyeyuka hata mahali pamoja. Moto haukupita njia hiyo. Nikaingia kwenye majivu nikatafuta pale ulipoinama, na nikaikuta rezistansi, imekatika katikati. Nikapima kipande kimoja na kingine, nikajumlisha. Omu ishirini. Nikaenda sokoni nikapima mpya. Omu arobaini na nne.

Ninyi mnaosoma ukutani, msikimbie hapa. Ni kugawanya na kuzidisha tu, na mkinunua unga mnafanya magumu kuliko haya.

Rezistansi mpya ya omu arobaini na nne, kwenye volti mia mbili na ishirini, inapitisha ampea tano. Volti mara ampea, wati elfu moja na mia moja. Hivyo ndivyo resho lilivyotengenezwa liwe. Lakini jioni za Kikula hatukuwa na volti hizo, kipimo chako kilikuwa kikisoma mia moja na hamsini. Gawanya kwa arobaini na nne, ampea tatu na kitu. Zidisha, wati mia tano na kitu. Hata nusu haifiki! Ndiyo maana uliishia kupuliza, Yaya. Hatukuwa na resho, tulikuwa na nusu yake na bado tukaambiwa tuna umeme.

Sasa chukua rezistansi iliyokatwa, ya omu ishirini, kwenye umeme ule ule mbovu wa mia moja na hamsini. Ampea saba na nusu. Wati elfu moja, mia moja na ishirini na tano. Nilirudia hesabu hiyo nimesimama kwenye majivu, na nitakuambia nilifanya nini: nilicheka. Peke yangu, watu wananiangalia. Kwa sababu mama, kwa kiwiko chake na mchi wake, alikuwa ameurudisha moto wote ambao transfoma ilitunyima, karibu wati kwa wati. Hakuna aliyemfundisha. Alichokosea ni kudhani kwamba kifupi kinakula kidogo. Kifupi ni mlango mpana, wanatoka wengi.

Na siku umeme ulipofika mzima, mlango ule ule mpana ukasukumwa kwa nguvu zote. Mia mbili na ishirini gawanya kwa ishirini, ampea kumi na moja. Wati elfu mbili, mia nne na ishirini. Zaidi ya mara mbili ya alichozoea Mama Georgette, kupitia kamba ya resho, ule waya wa kuchomekea, nyembamba kama ya kiatu, juu ya meza ya mbao yenye kitambaa cha plastiki, pazia likiwa juu yake. Nani anahitaji fundi mbaya hapo?

Nilikuwa nafunga kipimo niende kwa papa shefu nimpe namba zake, nikageuza kile kipande cha waya mkononi. Mwishoni kulikuwa na kifundo. Kimekunjwa, kimelazwa, kimegongwa kwa mchi. Nikakaa chini palepale. Nilijua sasa uliona nini, na kwa nini uso wako ulikuwa vile, na kwa nini ulisema ni wewe.

Nilikukasirikia, Yaya. Nitakuambia ukweli, sijawahi kukukasirikia namna ile. Ulikaa ukaamua peke yako kwamba mama amezeeka, kwamba moyo wake hautabeba, kwamba wale wamama waliokula maharage yake watamgeuka wamwite majina. Ukaona afadhali wewe uwe mharibifu na yeye abaki Mama Donat wa watu wote. Ukajitia kwenye shimo, na mvua zinakaribia, na sote hapa tunajua kuta za mashimo hayo zinafanya nini zikilowa. Nani alikutuma? Mbona hukuniuliza mimi? Kama una kosa katika jambo hili, ni moja tu, siku ile ulifurahi pamoja nasi ukasahau kupita nyumba kwa nyumba kusema "ondoeni zilizokatwa." Hilo libebe, ni lako, na wote tunalo sehemu. Hata waliowasha wana sehemu yao, wao waliotuacha miaka yote na nusu ya umeme kisha wakatuachia mzima bila neno. La nyumba kuungua kwa waya wako silipokei, na wewe huna ruhusa ya kulipokea.

Kwa hiyo nilimwambia mama. Ndiyo, nilimwambia! Hayo ndiyo maneno uliyotaka niyaache.

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono, nikampa kile kipande. Akakigeuza, akakipapasa kwa kidole gumba.

"Hii ni mukono yangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Donat aliyua?"

"Alijua. Aliona."

"Na akanyamaza juu ya nini?"

"Juu yako, mama, kwa ajili yako."

Akauweka ungo chini. Nilijiandaa kumshika, nikidhani anaanguka. Hakuanguka. Alisimama, Yaya, akafunga kitenge chake upya kwa nguvu kama mtu anayekwenda kugombana, na machozi yalikuwepo lakini yalikuwa ya hasira. "Mutoto ananda kujizika mu shimo juu minye nisisikie haya? Nani alimuambia minye niko muoga?"

Jumapili baada ya misa papa shefu aliwaita watu mbele ya kuta zilizoungua. Walitaka kuamua kwamba hutagusa tena nguzo ya avenue hii na kwamba vyombo vyako vyote vya kazi apewe Mama Georgette. Nilifika na maresho mawili, moja lenye rezistansi mpya, lingine lililokatwa na mama, nikayaweka chini kwenye udongo mtupu na kuvuta waya kutoka nyumba ya jirani. Nikabana kipimo. La kwanza, ampea tano. La pili, kumi na moja. Nikawaonyesha wote, mmoja mmoja. Rezistansi ya pili iligeuka kutoka nyekundu ikawa karibu njano, na watu waliokuwa mbele wakarudi nyuma. Papa shefu akasema: "Madame, ile ni hesabu ya masomo." Nikamwomba ashike kamba ya resho la pili, juu ya mpira wake tu, palipo salama. Akashika. Akaachia upesi, akapuliza vidole. Watu wakacheka, na naomba radhi kwa umri wake lakini nilicheka pia.

Kisha mama akapita mbele. Nilikuwa nimemwambia akae, nitasema mimi. Alinisogeza kwa kiganja.

"Mama Georgette," alisema, "ile moto ilitoka mu mukono yangu. Minye njo nilikata rezistansi yako. Haina Donat. Nilikata yako na ya bengi benye biko hapa, juu courant ilikuwa mubaya na batoto balikuwa na njaa. Sikuyua itakuya kuwa muzima. Kama munatafuta muntu, minye niko hapa. Sikimbie."

Nilimwangalia Mama Georgette. Ana haki ya kusema lolote, yeye ndiye aliyepoteza. Akasema: "Mama Donat, minye njo nilikulomba. Mara ya kwanza ulikata, nikarudia tena, nikasema bado, ukate tena. Weye ulisema inatosha. Minye nikakatala." Akaanza kulia, mama akaenda kumshika, na wote wawili wakalia pale, wanagombana nani amekosa zaidi. Mwanamke mmoja akaondoka bila kuaga akaenda kwake, akarudi na resho lake mkononi, akaliweka miguuni pa mama. Na mwingine. Na mwingine.

Sitakudanganya kwamba wote wamekuwa malaika. Papa shefu alisema "tutaona" na mpaka leo anaona. Kuna wanaosema nimewaroga kwa kipimo. Kuna wanaosema mama amezeeka anajisingizia ili umrudie. Waseme, mdomo ni wao. Mimi kila asubuhi nikienda kazini napita katikati ya avenue, kichwa juu, na anayetaka hesabu namfanyia palepale kwa kijiti kwenye vumbi. Ngazi yako niliikuta imeegemezwa ukutani kwetu, hakuna aliyekubali kuwa ameileta. Mama amezunguka nyumba zote anaondoa zilizokatwa, na ambaye hajapata mpya anamwambia awashe mkaa mpaka apate, na akibisha anamnyang'anya.

Mama Georgette analala chumbani kwako. Wanaume wa avenue walimfyatulia matofali, bati limekwisha kupanda juu. Alipoulizwa nani amwekee waya, wakamtajia fundi wa upande wa pili wa soko, mtu mzuri tu, akakataa. "Ni Donat njo ataniwekeya courant, ao nitabakia na bougie." Nimemwambia utachelewa. Akasema mishumaa anayo.

Na mimi, Yaya? Nimekukumbuka. Nakukumbuka nikiandika ubaoni, nakukumbuka nikisikia nyundo ya mtu mwingine kwenye nguzo. Najivunia wewe hata kwa huu ujinga wako wa kumbeba mama mgongoni bila kumwuliza. Lakini sitakubembeleza. Ukiwa na hesabu nyingine inayoonyesha waya wako ulichoma nyumba, ilete, tukae nayo mezani, nitaisoma kama ninavyosoma ya mwanafunzi. Kama huna, acha kusema "njo minye."

Jumamosi tunakuja Kamatanda, mama na mimi. Nilimkataza kwa sababu ya magoti yake, akaniuliza kama magoti ni yangu. Amesema hatakuita kwa jina wala hatatuma mtu kushuka. Atatandika kitenge juu pale mnapotokea, atakaa, na utakapopanda atakuuliza mara moja tu, mbele ya wenzako wote, ni nani aliyekata ile rezistansi. Kama unaweza kumwangalia mama usoni ukamjibu kwamba ni wewe, basi baki na shimo lako, sisi tutashuka Likasi bila wewe.

Mpaka hapo kesho kutwa, Yaya, Mungu azishike hizo kuta.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Béa